Kesi ya mtoto huanzia koridoni

Kesi imepangwa saa nne asubuhi, lakini amri ya mahakama inawataka wahusika wote wawe wamefika saa tatu. Katika saa hiyo moja ndimo kazi kubwa hufanyika. Nenda mahakama ya familia ya High Holborn, katikati ya London, au ile ya Canary Wharf upande wa mashariki, utayakuta yaleyale: vyumba vya mashauriano havitoshi, mama kakaa na mkoba mapajani, baba kageukia dirishani ili wasitazamane, afisa ustawi wa jamii anachapa kitu kwenye kompyuta mpakato, na mawakili wanapishana koridoni wakinong'onezana. Mteja wako anakubali lipi? Lipi hataki hata kulisikia? Jaji anapoingia, ugomvi unaweza kuwa umepungua nusu, au umechochewa upya.

Hakuna aliyevaa wigi. Joho jeusi na wigi la manyoya ya farasi tunavyoviona kwenye filamu ni vya mahakama za jinai hasa. Kesi ya mtoto husikilizwa kwa suti za kawaida, mlango umefungwa, bila watazamaji.

Huyo anayetoka chumba hiki na kuingia kile, jalada kwapani, ndiye ninayetaka kumzungumzia. Uingereza imewagawa mawakili wake makundi mawili. Kuna solisita, wakili wa ofisini, anayempokea mteja, kuandika barua na kukusanya vielelezo. Na kuna barista, wakili wa kusimama mbele ya jaji, ambaye mara nyingi humwona mteja kwa mara ya kwanza asubuhi ileile ya kesi. Barista ni mwanachama wa chama kimojawapo kati ya vinne vya kale vya London: Inner Temple, Middle Temple, Lincoln's Inn au Gray's Inn. Wengi hawana mwajiri. Wanajitegemea, wakichangiana na wenzao wa chemba moja kodi ya ofisi na mishahara ya makarani, na makarani hao ndio wanaowapangia safari: leo Luton, kesho Chelmsford. Kabla ya kufika hapo, kila mmoja wao amepitia mwaka wa uanagenzi, akimfuata wakili mkongwe kila aendako na kuandika kila asemalo.

Jumatatu barista huyu anaweza kuitetea halmashauri inayotaka kumwondoa mtoto nyumbani kwao. Jumatano atakuwa upande wa mama anayepambana na halmashauri nyingine. Ijumaa atamwakilisha mtoto mwenyewe. Wapo wanaosikia hivyo wakasema huo ni unafiki wa kulipwa. Mimi nauona kuwa ndiyo afya ya kazi yao. Aliyewahi kumhoji afisa ustawi wa jamii kwa niaba ya mama aliyenyang'anywa mtoto anajua ripoti ya afisa inavyoweza kuandikwa kwa pupa. Na aliyewahi kuisimamia halmashauri anajua kwamba mama anayelia kwa uchungu wa kweli anaweza pia kuwa anaficha jambo. Kanuni ya taaluma yao, iliyopewa jina la foleni ya teksi, inamzuia kuchagua mteja kwa kumpenda. Aliyeko mbele ya foleni ndiye abiria wako, mradi kesi iko ndani ya ujuzi wako na siku hiyo una nafasi.

Sheria inayotawala haya yote ni Sheria ya Watoto ya mwaka 1989, iliyoanza kutumika Oktoba 1991. Nyuma yake kulikuwa na vidonda vibichi. Mwaka 1987, katika eneo la Cleveland kaskazini mashariki mwa Uingereza, madaktari walitamka ndani ya miezi michache kwamba watoto 121 wamedhalilishwa kingono. Watoto wakachukuliwa, wengine usiku wa manane, na wengi wao baadaye wakarudishwa kwa wazazi. Jaji Elizabeth Butler-Sloss aliongoza uchunguzi, na ripoti yake ya mwaka 1988 iliwakumbusha madaktari, polisi na maofisa kwamba mtoto ni mtu, hafai kugeuzwa kitu cha kushughulikiwa. Msomi wa sheria Brenda Hale, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanamke wa kwanza kuwa Rais wa Mahakama ya Juu ya Uingereza, alikuwa miongoni mwa wasanifu wakuu wa sheria hiyo mpya. Kifungu chake cha kwanza kinatamka kwamba mahakama inapoamua malezi ya mtoto, ustawi wa mtoto huyo hutangulia mambo mengine yote.

Kifungu hicho ni kifupi, lakini ndicho kinachoifanya kazi ya barista iwe ngumu. Mteja wake ni mtu mzima mwenye madai yake: haki yangu, damu yangu, jasho langu. Sheria haiulizi hayo kwanza. Inauliza mtoto ataamkaje kesho, atasoma wapi, nani atampeleka hospitali pumu ikimbana. Kwa hiyo wakili anatumia saa ile ya koridoni kumshawishi mzazi aache kuzungumzia kosa la mwenzake na aanze kuzungumzia mtoto, kabla hajaingia ndani na jaji akayaona mwenyewe.

Mzazi anayetoka kwetu hufika na mzigo wa ziada. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ina dhana, inayoweza kupingwa kwa ushahidi, kwamba ni heri mtoto aliye chini ya miaka saba akae na mama yake. Mitaani dhana hiyo imegeuka amri: hadi saba ni wa mama, baada ya hapo baba akachukue chake. Uingereza haina hesabu hiyo. Baba anaweza kupewa mtoto wa miaka miwili, na mama wa mtoto wa miaka sita hana sababu ya kuogopa siku ya kuzaliwa. Mabarista wanaowahudumia watu wa Afrika Mashariki hulazimika kuling'oa jambo hilo kichwani mwa mteja kabla ya mengine yote.

Hizo ni kesi za wazazi kwa wazazi. Kesi zinazomkosesha mtu usingizi ni za dola dhidi ya wazazi. Halmashauri ikiamini kwamba mtoto anaumia au yumo hatarini kuumia sana kwa malezi anayopata, huomba amri ya kumchukua. Kwa dharura, amri ya kwanza huwa ya siku zisizozidi nane, na inaweza kuongezwa siku saba. Kisha kesi kamili inafunguliwa, na tangu mwaka 2014 sheria inataka imalizike ndani ya wiki 26. Mwisho wake unaweza kuwa mtoto kurudi nyumbani, au kulelewa na ndugu, au kuingia katika familia ya malezi ya kambo, au kuasiliwa na watu baki bila ridhaa ya wazazi waliomzaa. Huo wa mwisho mahakama zimesisitiza, hasa katika hukumu mbili za mwaka 2013, kwamba ni wa pale tu ambapo hakuna njia nyingine itakayofaa.

Chukua kesi ya kawaida: mtoto mchanga, michubuko miwili. Daktari anasema mtoto ambaye hajaanza hata kutambaa hajichubui mwenyewe. Jalada la kesi, ambalo kanuni zinalitaka lisizidi kurasa 350, lina picha zilizopigwa hospitali na rula pembeni ya ngozi. Barista amelisoma usiku, labda ndani ya treni, akiinamisha skrini ili jirani asione. Asubuhi anasimama kumhoji baba. Anayetarajia ngurumo atavunjika moyo. Jioni ile nani alimwogesha? Maji yalichotwa wapi? Nani alimvua nguo? Taa ilikuwa inawaka? Ulimgeuza kwa mkono upi? Alilia kabla ya kugeuzwa au baada? Mama alikuwa wapi? Maswali mafupi, kila moja likibeba jambo moja, hadi saa mbili za jioni ya Jumanne zinajengwa upya dakika kwa dakika. Mtu anayesema kweli hukosea mambo madogo na kukiri. Anayetunga huwa na majibu laini mno, mpaka linapokuja swali la taa.

Na kinachotafutwa humo si hatia. Jinai hutaka ushahidi usioacha shaka. Mahakama ya familia inauliza lipi lina uwezekano mkubwa zaidi. Mwaka 2008 majaji wa Baraza la Malodi, iliyokuwa mahakama ya juu wakati huo, waliliweka sawa katika kesi ijulikanayo kama Re B. Hale aliandika kwamba kipimo hicho hakipandi hata tuhuma ikiwa nzito. Mwenzake, Hoffmann, alieleza kwamba jambo linalobishaniwa ama lilitokea ama halikutokea. Ni moja au sifuri, na jaji hana ruhusa ya kuandika nusu. Mwenye jukumu la kuthibitisha akishindwa, jambo hilo linahesabiwa halikuwapo. Wakili wa halmashauri huishi na hofu ya sentensi hiyo. Wakili wa mzazi huishi na hofu nyingine: kwamba mteja wake, aliyeachiwa huru na mahakama ya jinai, bado anaweza kumpoteza mtoto kwa kipimo hiki cha chini.

Wazazi wawili vijana wa Islington, kaskazini mwa London, waliipitia njia hiyo yote. Mtoto wao wa miezi minne alifariki mwaka 2009, na mifupa yake ilionekana imevunjika sehemu nyingi. Wakashtakiwa kwa kumuua. Walipopata mtoto wa pili, halmashauri ikamchukua. Mwishoni mwa 2011 mashtaka ya mauaji yalianguka katika mahakama ya jinai ya Old Bailey baada ya wataalamu kushindwa kukubaliana, lakini mtoto hakurudi. Ilibidi kesi isikilizwe tena mahakama ya familia. Aprili 2012 Jaji Theis aliamua kwamba halmashauri haikuthibitisha kuwa wazazi walimdhuru. Marehemu alikuwa na matege makali ya tangu kuzaliwa, yaliyotokana na upungufu wa vitamini D wa mama, na mifupa ya namna hiyo inaweza kuvunjika kwa kubebwa tu. Mtoto wa pili akarudi kwao. Kwa wiki kadhaa mawakili walikuwa wamewahoji madaktari bingwa mmoja baada ya mwingine juu ya mifupa, damu na ubongo. Kazi hiyo humtaka mtu wa sheria ajifunze udaktari usiku na kuusahau mara kesi inapoisha.

Jambo la mifupa na vitamini linawahusu sana watu weusi wanaoishi chini ya mawingu ya Ulaya. Liko lingine dogo la namna hiyo. Watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa na mabaka ya rangi ya buluu na kijivu kiunoni au makalioni, ambayo bibi yeyote wa kwetu huyaona na kupita zake. Mlezi wa chekechea asiyeyajua anaweza kudhani ni vipigo. Mabaka hayo yakiandikwa katika kadi ya kliniki tangu mtoto anazaliwa, barista hana haja ya kuitwa.

Kuhusu fimbo, nitasema kwa ufupi kwa sababu kila mtu analijua jibu na hataki kulisikia. Wales iliondoa Machi 2022 utetezi wa kwamba mzazi alikuwa anampa mtoto adhabu ya kiasi. England yenyewe bado inao, lakini waya au mkanda ukiacha alama, utetezi huo haumsaidii mtu. Mzazi anayejibu kizimbani kwamba nasi tulipigwa na tukawa watu, amemharibia wakili wake asubuhi nzima.

Liko zito zaidi, na ni desturi yetu tunayojivunia: mtoto wa ndugu ni mtoto wako. Sheria ya Uingereza inaheshimu bibi na babu, kaka na dada, mjomba, shangazi, ami, mama na baba wa kambo. Hao wanahesabika kuwa ndugu wa karibu. Mtoto aliye chini ya miaka 16 akiishi siku 28 au zaidi na mtu asiyekuwamo katika orodha hiyo, halmashauri lazima iarifiwe. Binamu wa baba hamo. Shangazi wa baba pia hamo.

Victoria Climbié alipelekwa Ulaya na shangazi wa baba yake. Alizaliwa Ivory Coast. Wazazi wake walimkabidhi kwa ndugu huyo kwa nia njema, asome. Alipitia Ufaransa na kufika London Aprili 1999. Alifariki Februari 2000 akiwa na miaka minane na majeraha 128 mwilini. Katika miezi hiyo kumi alionwa na hospitali mbili, polisi na maofisa wa ustawi wa halmashauri zaidi ya moja, na hakuna aliyemfungulia kesi. Mawakili walikuja baada ya msiba, katika uchunguzi wa Lord Laming, ambao ripoti yake ya Januari 2003 ilitoa mapendekezo 108 na kuzaa sheria mpya mwaka uliofuata. Watu hulaumu ustawi wa jamii wa kule kwa kuchukua watoto haraka. Wana haki ya kulaumu, lakini wajue pia kwamba maofisa hao wanafanya kazi wakiwa na kifo cha msichana huyu wa Kiafrika kichwani.

Safari ya kinyume nayo imefika mahakamani. Wazazi wangapi wa London, Leicester au Birmingham wamemrudisha kijana nyumbani Afrika ili aepukane na visu na magenge? Mvulana mmoja aliambiwa anakwenda Ghana kumwona ndugu mgonjwa. Akajikuta ameandikishwa shule huko, na wazazi wakarudi Uingereza bila yeye. Akiwa na miaka 14, aliwashtaki wazazi wake Mahakama Kuu ya London. Februari 2025 Jaji Hayden aliwapa wazazi ushindi: walikuwa wametumia mamlaka yao ya uzazi, na hofu yao ilikuwa ya kweli. Juni mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo na kuagiza kesi isikilizwe upya. Mimi nina watu ninaowajua waliorudishwa hivyo wakashukuru, na nina ninaowajua ambao hawajasamehe. Fikiria sasa kazi ya barista wa kijana yule: kuwapiga wazazi maswali magumu kwa niaba ya mtoto ambaye, kesi ikiisha, anataka kurudi kukaa nao nyumba moja.

Mtoto katika kesi za dola huwa na kundi lake mwenyewe la kumtetea. Tangu mwaka 2001 kuna chombo kiitwacho Cafcass ambacho humteulia afisa wa kumwangalia katika kesi nzima, na afisa huyo humpatia mtoto solisita na barista. Afisa husema analoamini kuwa lina heri kwa mtoto, hata kama mtoto analikataa. Kijana mwenye akili ya kutosha anaweza kuachana na afisa na kumwagiza wakili moja kwa moja. Hapo wakili anabadilisha kazi: anasema anachotaka kijana, hata akiona moyoni kwamba kijana anakosea.

Ni nani huwaeleza watoto kilichoamuliwa? Kwa miaka mingi hukumu ziliandikwa kwa ajili ya majaji wa rufani. Jaji Peter Jackson aliivunja mila hiyo. Mwaka 2016 aliandika hukumu fupi kwa maneno mepesi ili mama na watoto wakubwa waisome wenyewe, na ndani yake mkawa na alama ya uso unaotabasamu. Mwaka uliofuata kijana wa miaka 14 aliomba ahamie na baba yake katika nchi moja ya Skandinavia. Jaji akamkatalia, na hukumu yenyewe ikawa barua kwa kijana huyo, ikimweleza kwa upole kwa nini. Nimesoma hukumu nyingi za kurasa mia na zaidi zisizosema nusu ya barua ile.

Sasa nirudi kwa watu wa kwetu, maana kuna jambo moja linalowaangusha kuliko fimbo, kuliko lugha, kuliko ubaguzi, ambao nao upo. Ni kunyamaza.

Swali la kwanza analouliza barista mzuri koridoni, kabla hajagusa tuhuma, ni hili: nani mwingine yupo? Anataka majina. Bibi, mama mdogo, ami aliyeko Milton Keynes, dada wa kwanza aliyeolewa Mombasa. Mama anatazama chini. Mkalimani, binti mdogo kwa umri, amekwisha kumwamkia shikamoo na kuitikiwa marahaba, na mama anageukia kwake kwa macho ya kuomba: wewe unaelewa, mwanangu, mambo haya hayasemwi. Kazi ya mkalimani hairuhusu kuelewa kwa namna hiyo. Anatafsiri swali tena. Hakuna mtu, anajibu mama. Kumbe wapo. Hawajaambiwa tu, kwa sababu ni aibu ukoo ukijua kwamba serikali imeingia nyumbani.

Aibu hiyo ina gharama yake katika hesabu ya wiki 26. Ndugu akitajwa wiki ya tatu, kuna muda wa kumchunguza: nyumba yake, afya yake, rekodi zake za polisi, watoto wake mwenyewe wanasemaje. Akiwa Tanga au Kisumu, mahakama inaweza kuagiza tathmini ifanyike hukohuko, lakini hiyo inataka barua, ofisi za ustawi wa nchi mbili, na mara nyingi viza. Akitajwa wiki ya ishirini na mbili, barista anasimama kuomba muda zaidi, na sheria inaruhusu nyongeza ya wiki nane tu kwa mara moja, tena pale inapolazimu ili kesi iamuliwe kwa haki. Wakili wa mtoto atainuka na kusema kwamba mtoto wa mwaka mmoja hawezi kusubiri. Mara nyingi atakuwa sahihi.

Kwa Waislamu wa pwani na wa visiwani jambo hili lina uzito wa pekee. Kumlea yatima ni thawabu. Kumbadilishia mtoto nasaba ni jambo lingine, na kuasili kwa sheria ya Uingereza huikata nasaba hiyo. Kilio cha namna hiyo kutoka kwa jamii za wachache kilisikika sheria ilipokuwa inatungwa. Tangu mwisho wa Desemba 2005 ipo amri ya ulezi maalumu, ambayo humpa bibi au ami mamlaka karibu yote ya malezi hadi mtoto afikishe miaka 18, huku wazazi wakibaki wazazi na jina likibaki jina. Amri hiyo ipo tayari. Inamngoja mtu ajitokeze.

Fedha zisiwe kisingizio, angalau katika kesi za dola. Tangu Aprili 2013 serikali imewanyima msaada wa kisheria wazazi wengi wanaogombania watoto wao kwa wao, isipokuwa wenye ushahidi wa ukatili wa nyumbani au wa mtoto kuwa hatarini. Ndiyo maana siku hizi barista hujikuta akikabiliana na baba asiye na wakili, akilazimika kumtendea haki huku akimhoji. Sheria ya mwaka 2021 imemzuia mtuhumiwa wa ukatili kumhoji mwenyewe anayemtuhumu. Hayo ni ya wazazi kwa wazazi. Halmashauri inapokwenda mahakamani kumtaka mtoto wako, msaada wa kisheria ni wa bure kwa mzazi, awe tajiri au fukara. Hata kabla ya hapo, barua ya onyo ikishatumwa kwamba kesi inakusudiwa, mzazi ana haki ya solisita wa bure wa kukaa naye kikaoni.

Kwa hiyo wewe uliye Uingereza unayesoma haya, au mwenye ndugu huko: barua ya halmashauri ikifika, usiifiche kabatini. Tafuta solisita wa kesi za watoto siku hiyohiyo. Omba mkalimani wa Kiswahili, ambaye mahakama humlipa, na usimtumie mtoto wako kukutafsiria. Kisha mpigie simu dada yako na mama yako, uwaambie yote, na umpe wakili majina yao katika wiki ya kwanza.